Kusini na Watoto: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Likizo ya Juni inakaribia na maswali ya matembezi ya Lindi na Mtwara yamekuwa mengi. Leo nimechagua yanayohusu familia. Bado kuna watu wanaoamini kwamba kusini huendwa kwa msiba au kwa biashara ya korosho tu, na sisi tuliozaliwa huku tunaumia tukisikia hivyo.

Shangazi, shikamoo. Tuko Dar, mimi na mke wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 12, mdogo 4. Tuna siku nne na gari dogo. Twende Kilwa, Lindi au Mtwara? – Baba watatu, Tabata

Marahaba, baba. Kwa siku nne, nendeni Kilwa na msitamani zaidi. Dar hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, kwa hiyo siku mbili kati ya nne zingeishia barabarani, na mtoto wa miaka minne hatakusamehe. Kilwa Masoko ni zaidi kidogo ya nusu ya safari hiyo. Mkifika Nangurukuru mnaiacha barabara kuu na kukata kushoto, lami hadi mjini, gari dogo halina shida.

Siku ya kwanza msipange kitu. Watoto waoge pale ufukwe wa Jimbizi, wale, walale. Siku ya pili vukeni kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Siku ya tatu nendeni Kilwa Kivinje, mji ambao watu wengi wanaupita bila kuugeukia. Karne ya 19 hapo ndipo misafara kutoka bara, hata eneo la Ziwa Nyasa, ilipofikia pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Majumba ya zamani yanabomoka polepole katikati ya mji unaoishi, watoto wa Kivinje wanacheza mpira kando yake. Mkubwa wako ana umri wa kuelezwa ukweli wa mahali hapo. Mwelezeni.

Jambo moja la barabara: mvua kubwa zimewahi kuikata eneo la Somanga, ilitokea Mei 2024. Juni kwa kawaida ni kukavu, lakini anayesafiri wakati wa masika aulize kwanza madereva wa mabasi.

Mwaka jana tulitoka Songea hadi Mtwara watoto wakaone bahari. Tulifika saa nne asubuhi, maji yameondoka kabisa, ni mchanga na majani tu. Wenyeji wakasema tusubiri hadi jioni. Watoto walilia. Tulikosea wapi? – Mama Songea

Pole sana, mama. Mlifika siku ya bamvua na hakuna aliyewaambia. Swali lako ndilo ambalo ningependa kila mgeni wa pwani alisome kabla ya kuuliza bei ya chumba.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Ndiyo maana mlikuta pakavu. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Basi panga hivi. Ukitaka watoto waogelee asubuhi kisha walale mchana, njoo mwezi ukiwa nusu. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani ataona kirahisi: karibu na tarehe 8 na tarehe 22. Ukija tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17, umekuja kwenye bamvua, na hapo asubuhi si ya kuogelea. Ni ya kutembea.

Na mimi nakuambia kwa moyo wote, asubuhi ya bamvua ni zawadi. Maji yakipwa, bahari inakuonyesha vitu vyake vya ndani: vidimbwi vyenye samaki wadogo, viti vya pweza wenye umbo la nyota, kaa, akina mama wakichokonoa pweza kwenye mashimo ya miamba. Mtoto wa Songea akitembezwa hapo na mtu anayejua atarudi na hadithi nyingi kuliko aliyeoga tu. Wavae raba kuukuu au viatu vya plastiki, kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na kuna samaki wa sumu anayejifanya jiwe. Wasikanyage matumbawe, maana ni viumbe hai na vinavunjika. Na mtu mzima mmoja awe anaangalia maji, kwa sababu yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, nanyi mko mbele mnaokota kauri.

Kijana wangu ana miaka 15. Nikimtajia magofu ya Kilwa Kisiwani anasema ni mawe tu. Nimpeleke kwa nguvu? – Mzazi, Mbagala

Mpeleke, lakini usianze na mawe. Anza na fedha. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe, na mwaka 1944 baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, watu bado wanabishana. Mwachie kijana swali hilo usiku mmoja kabla ya safari.

Kisha mwambie kwamba dhahabu iliyotoka Sofala, Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa watu wa kisiwa hiki, na kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji. Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali likitazama bahari. Ndani yake kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Bwawa la kuogelea, karne ya 14, Kilwa! Mwache kijana alitafute mwenyewe.

Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba zake unahitaji utulivu, na yafaa watoto waelezwe mapema kwamba waliosali pale ni babu zao. Ngome iitwayo Gereza, iliyo karibu na ufuko, ilianzishwa na Wareno mwaka 1505 na ikajengwa upya baadaye enzi za Waomani. Kisiwa hiki pamoja na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981.

Kwa utaratibu, kibali hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwongoza wageni ni wa lazima kwa maoni yangu hata kama mnajua kusoma vibao. Chukueni mtu wa Kisiwani penyewe, kwa sababu kisiwa kina wakazi na hiyo ndiyo riziki yao. Kuvuka kwa mashua ni muda mfupi. Ondokeni mapema, kabla jua halijakomaa, na hapa pia ulizeni maji: yakiwa yamepwa mtashuka mbali na kutembea kwenye tope. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha. Songo Mnara muiache kwa safari nyingine, ni mbali zaidi na watoto watachoka.

Ni kweli Msimbati, kule Mtwara, unaweza kuendesha gari juu ya ufukwe? – Kijana, Masasi

Magari hupita, na mengine hunasa. Ukinasa maji yakiwa yanajaa, gari lako linakuwa la bahari. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, na kasa hutaga kwenye fukwe za namna hiyo. Gurudumu likipita juu ya kiota, mayai hayafai tena. Acha gari kwenye miti, tembea.

Ukifanya hivyo utaona ufukwe ambao kwangu hauna mpinzani pwani nzima ya Tanzania. Mchanga mweupe, mivinje, na matumbawe yaliyo karibu kiasi kwamba mwenye miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia hahitaji boti. Kuna sehemu kina kinaanguka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo wasiojua kuogelea wasiingie kabla hujaonyeshwa na wavuvi mahali salama. Lipa kiingilio cha hifadhi, beba chakula chako, na urudi na taka zako. Na kule Mto Ruvuma unakoingia baharini msioge kabisa. Kuna viboko na mamba.

Mwalimu wa historia hapa. Wanafunzi wangu wanataka kwenda Tendaguru kuona mijusi mikubwa. Nifanye nini? – Mwalimu, Lindi

Mwalimu, waambie ukweli mapema ili wasivunjike moyo: mifupa ya dinosaria, hiyo mijusi mikubwa ya kale, haipo. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, mhandisi wa madini, aliiona ikichomoza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ulichimba na kuondoa takriban tani 250. Yote hayo yalibebwa na watu wetu, vichwani na mabegani, kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mkubwa kuliko wote amesimamishwa katika Jumba la Makumbusho la Berlin, kimo chake ni zaidi ya mita 13, na aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita.

Kilima chenyewe kiko kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, porini, njia yake inataka gari la juu na kiangazi. Kwa darasa zima ni safari ngumu, na wakifika wataona nyasi. Ningewapeleka wanafunzi wakubwa wachache, pamoja na mwenyeji wa vijiji vya karibu aliyesikia habari hizo kwa wazee wake. Walio wengi ningewafundishia mjini Lindi, ufukweni, mkiangalia ghuba ambayo mifupa ilipakiwa. Waulize wanafunzi nani alibeba. Wamtafute Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye kazi yake inatajwa mara chache kuliko majina ya wanasayansi waliomtegemea. Somo hilo halina gharama yoyote, nami nalithamini kuliko kilima.

Nyangumi wanaonekana lini Mtwara? – Dada, Dodoma

Julai hadi Novemba, wanapopanda kutoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa. Agosti kusi bado linavuma na bahari huchafuka, kwa hiyo mwenye watoto asubiri Septemba au Oktoba. Hakuna jaketi okozi la saizi ya mtoto, hakuna safari. Nahodha akikuambia atakusogeza hadi umguse nyangumi, shuka: mama mwenye ndama hasogelewi.

Shangazi, wewe unaandikia wenye magari na hoteli. Mimi ni mama lishe hapa Ligula, nina wanangu wanne na Jumapili moja tu. Sisi je? – Mama wanne, Mtwara mjini

Umenena, mama, na swali lako nimelipenda kuliko yote. Wageni wanakuja kutoka mbali kuona vitu ambavyo watoto wetu hawajaonyeshwa.

Panda daladala uende Mikindani, kama kilomita 10 tu. Shukeni mwanzo wa mji mtembee. Waonyeshe milango ya nakshi, vichochoro, na ghuba ile iliyozingirwa pande zote kasoro mlango mdogo wa bahari. Waonyeshe Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na sasa ni hoteli. Waambie David Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, lakini waambie pia kwamba mji ulikuwa na wafanyabiashara na mabaharia wake kabla hajazaliwa. Chakula mtoke nacho nyumbani, ununue ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha njiani.

Jumapili nyingine vukeni Msangamkuu. Kwa watoto kule kuvuka ghuba tu ni sherehe, na ng'ambo kuna mchanga wa kutosha kucheza hadi wachoke. Rudini kabla ya jua kuzama ili msigombanie chombo cha mwisho.

Bibi yetu ni wa Newala, magoti yanamsumbua, bahari haitaki. Tumtembeze wapi? Na tukinunua kinyago, tutajuaje kama ni mpingo? – Wajukuu, Morogoro

Mrudisheni kwao. Pale Newala pana Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda wa Makonde unapokatika na bonde la Ruvuma kufunguka chini, hadi milima ya Msumbiji. Bibi hahitaji kushuka popote, mpelekeeni kiti akae. Nendeni alasiri, jua likiwa limepungua makali, mumwache asimulie. Muulizeni habari za maji, jinsi walivyokuwa wakiteremka bondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Mkibahatika kukuta ngoma, kaeni naye aichambue. Sindimba ni ya kwao na atajua nani anaicheza sawasawa.

Kuhusu kinyago, mpingo ni mti mzito kuliko maji. Mwombeni muuzaji ndoo ya maji, mkitumbukize. Kikizama ni dalili njema. Kikielea, ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Mwenye mali halisi hatakataa jaribio hilo, na mkishaliona lipeni bei yake bila kumbana sana, maana kuchonga kikundi cha watu waliobebana kwenye gogo moja ni kazi ya wiki nyingi.