Dodoma kwa treni na watoto wadogo: shukeni kwanza Morogoro

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba tukienda Dodoma na watoto huwa tunashuka Morogoro na kulala hapo, wanashangaa. "Safari ya saa tatu na nusu nayo mnaikata vipande?" Siwalaumu. Miaka yote ya basi tulizoea kupima safari kwa muda wa kukaa kwenye kiti, kwa hiyo treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, wengi tukaona mambo yamekwisha: unapanda, unafika.

Ila mtoto wa miaka miwili hachoshwi sana na behewa. Humo kuna baridi ya kiyoyozi, kuna dirisha, kuna watu wa kuwachekea. Kinachommaliza ni ya kabla na ya baada: kuamshwa alfajiri, foleni ya ukaguzi wa mizigo, kusubiri ukumbini, halafu kushuka na kuanza kutafuta usafiri pamoja na abiria wote mlioshuka nao. Ukiunganisha hayo, siku imekwisha. Ndiyo maana mimi nikipanga safari naangalia kwanza kilichopo nje ya mlango wa stesheni, ratiba ya treni baadaye.

Tuanze na tiketi. Nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa 2024 zilikuwa Sh 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli, chini ya hapo bure. Hakikisha bei ya siku unayosafiri, lakini utaratibu wenyewe ndio muhimu: nauli inafuata kilomita, kwa hiyo kukata tiketi mbili, ya Morogoro na ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, hakukuongezei gharama ya maana. Utakachoongeza ni malazi na chakula cha huko.

Na hiyo bure ina sharti lake, mtoto unampakata. Wa miaka mitatu na nusu akilala mapajani hadi Dodoma, ni gunia la mchele linalopumua. Hadi Morogoro, ambako ni chini ya saa mbili, mikono inavumilia.

Kata tiketi mtandaoni mapema, hasa za Ijumaa, Jumapili na sikukuu, na ukate za kurudi siku hiyohiyo. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Watoto wabebee nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kuna watoto wa miaka kumi na moja wanaomzidi mama yao urefu, na hutaki kuanza kubishana umri getini huku mdogo analia.

Kuna treni za haraka na kuna zinazosimama vituo vya njiani: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Kwa kipande cha Dar hadi Morogoro napenda hizi zinazosimama. Mtu mzima anaona zinapoteza muda, lakini mtoto wa miaka sita anapata kituo cha kusoma jina lake, watu wa kupungia, na jibu la "tumefika?" kila baada ya muda mfupi. Halafu kuna mchongoko, ile treni yenye pua ndefu iliyoanza kazi Novemba 2024. Watoto wanaijua kuliko sisi. Usimwahidi mtoto mchongoko kabla hujahakikisha ndiyo uliyoikatia tiketi, maana akikuta ya kichwa cha kawaida utaeleza hadi Ruvu.

Saa ya kuondoka ichague kwa usingizi wa mdogo wenu. Kama hulala mchana, treni ya mchana inayomkuta ameshakula itakupa behewa la amani. Kipande cha Morogoro kwenda Dodoma, kwa upande mwingine, kisafirini wakiwa macho, na nitaeleza kwa nini.

Stesheni ya Morogoro iko upande wa Kihonda, si mjini katikati. Bajaji zipo, ila na watoto na mabegi ni afadhali upige simu unakolala siku moja kabla wakutafutie dereva, mkubaliane bei kabisa. Katika kuchagua nyumba ya wageni, mimi siulizi kuhusu televisheni. Nauliza kama kuna uwanja wa majani. Watoto waliokaa kitako tangu Dar wanataka kukimbia, na Milima ya Uluguru ikiwa hapo mbele yao nusu ya burudani imeshalipiwa. Asubuhi nendeni Soko la Chifu Kingalu mkanunue matunda. Kupanda milimani hadi Morning Side waachieni wenye miguu mirefu.

Mikumi? Ndiyo, lakini kwa sharti la kulala Morogoro siku mbili. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya kwenda Iringa, na barabara hiyo inapita katikati ya hifadhi, kwa hiyo hata kabla ya kufika getini mnaweza kuona twiga, pundamilia au tembo. Kwenda na kurudi halafu kukimbilia treni jioni hiyohiyo ni adhabu. Kama mna usiku mmoja tu, Mikumi iacheni kwa safari nyingine.

Sasa kipande cha pili. Baada ya Kilosa reli inaingia milimani na kuna mahandaki manne. Reli ya zamani ilifuata bonde la Mto Mkondoa, na mafuriko yameikata mara nyingi sana huko kati ya Kilosa na Gulwe. Hii mpya imetoboa mlima badala ya kuufuata mto. Mkubwa wangu tunampa kazi ya kuhesabu mahandaki kwa sauti. Mdogo anahitaji kuambiwa mapema kwamba dirisha litakuwa jeusi na litarudi, la sivyo behewa zima litasikia. Ukishapita Kidete na Gulwe nchi inabadilika: kijani kinapungua, mibuyu inaanza, na ng'ombe wa Wagogo wanaonekana kwenye udongo mwekundu. Kwa ajili ya hayo kiti cha dirishani kina vita, hivyo kwetu sheria ni kubadilishana Kilosa, na haikatiwi rufaa.

Chakula ni rahisi: ndizi mbivu, maandazi, karanga, maji. Mayai ya kuchemsha yaacheni nyumbani, humo ndani madirisha hayafunguki. Beba sweta kwa kila mtoto hata kama Dar mmeiacha inaungua, na pampasi za ziada ziwe kwenye begi la mkononi, si lile lililopandishwa juu.

Dodoma nayo stesheni iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo dereva apigiwe simu kabla hamjafika. Siku ya kwanza msipange kitu. Jioni pelekeni watoto Nyerere Square wakimbie, mle, mlale. Kati ya Juni na Agosti usiku kuna baridi na upepo mkavu kuliko watoto wa pwani walivyozoea. Midomo inapasuka, basi mafuta ya mgando yasikosekane.

Kurudi, sisi hatushuki Morogoro tena. Wakati huo watoto wameshaijua treni, wamechoka kwa namna nzuri, na wengi wao watalala kabla ya Kilosa. Stesheni ya Dar iko mjini, kwa hiyo nyumbani ni teksi moja tu. Mkikuta msimu wa zabibu nunueni siku ya kuondoka, na mziweke kwenye bakuli gumu lenye mfuniko, juu ya begi, mbali na mtoto anayependa kukalia vitu.