Jibu: Je, kiasi ni cha waoga?

Ndugu yangu, umeuliza kama kiasi, yaani kutozidisha wala kupunguza, si kisingizio cha waoga, maana hapa Nairobi unaona anayeinuka ni yule mwenye kazi mbili na usingizi wa saa nne tu. Mimi sikubali.

Mtazame Eliud Kipchoge, mkimbiaji wetu wa marathoni. Oktoba 2019, kule Vienna, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kufika hapo. Lakini sehemu kubwa ya mazoezi yake huko Kaptagat ni mbio za taratibu, na mwenyewe amesema mazoezini hajikamui mpaka mwisho. Nguvu huwekewa siku yake. Huyo utamwita mwoga?

Tena kiasi si nusu kwa nusu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitoa mfano wa Milo, mwanamieleka: chakula kilicho kidogo kwake kinamzidi anayeanza mazoezi. Kijana asiye na watoto ataweza zamu ambazo mzazi anayetoka Kitengela alfajiri hawezi. (Na yapo yasiyo na kiasi kinachofaa kabisa, kama wizi. Hilo pia Aristotle alilisema.)

Kwa hiyo usijipime kwa jirani. Kama unasinzia kwenye matatu hadi unapitishwa steji, na ile kazi ya usiku ikishalipa nauli na chakula cha nje haibakishi kitu, acha hiyo ya usiku kwanza. Ukilala vya kutosha kwa mwezi mzima, utaamua mengine ukiwa na akili iliyotulia.