Hauzingi ishuke tupu kwanza, kamera ibaki botini

Mkuu, futa hiyo grisi. Sasa hivi, kabla hujasoma mengine. Umeandika kwamba umeambiwa uipake grisi oringi, ile pete ya mpira ya hauzingi (boksi la kuzamia na kamera), "mpaka iteleze, maji hayapiti", halafu Jumamosi unashuka nayo Mafia, mbizi ya kwanza, kamera mpya ndani na flashi mbili pembeni. Nimesoma nikahisi maji yananiingia masikioni.

Mimi nilifanya hayo hayo. Mnemba, Zanzibar, boti ya kutoka Nungwi, bahari imelala kama sahani. Mshauri wangu alikuwa mpiga picha wa harusi mwenye maneno ya profesa, ambaye baadaye nilikuja kugundua hajawahi kulowa kupita mvua za masika. Nikapaka grisi kama napaka siagi kwenye mkate. Usiku kucha hauzingi ikalala wazi juu ya kitanda cha gesti. Asubuhi nikaifunga mbio mbio, maana nahodha anafoka na mimi sitaki kuonekana mshamba mbele ya wageni.

Sikiliza. Grisi haizibi maji! Kazi yake ni kuilainisha oringi ikae vizuri kwenye kijifereji chake. Kinachoziba ni mpira wenyewe ukibanwa. Grisi ikizidi inanasa kila kinachopita: mchanga, unywele, uzi wa shuka. Uzi mmoja tu unatosha. Tena maji hupenda kuingia pale juu juu, mita moja au mbili, kabla bahari haijaukandamiza mfuniko. Niliona vipovu vidogo vikitoka pembeni kwa mstari, nikajiambia ni hewa iliyonasa nje. Kwenye mita 12 akapita kasa, nikainua kamera, nikaona maji yanacheza nyuma ya kioo kama ndani ya dafu. Kasa akanitazama, nami nikamtazama. Picha yake sina.

Milioni 4.6 hizo. Bodaboda ya kutembelea na chenji ya kuanzia biashara. Fundi alipofungua alikuta chumvi imeshaanza kula bodi, akanirudishia vipande kwenye bahasha kama majibu ya maabara. Waranti nayo haitaki kusikia habari za bahari. Nikampigia mshauri, akasema, "Labda hukupaka ya kutosha." Namba yake nimeisevu "Usipokee".

Kwa hiyo hauzingi inashuka TUPU kwanza. Itoe oringi kwa kona ya kadi ya benki, usitumie kisu. Ipitishe katikati ya vidole taratibu, chembe utaisikia kwa ngozi kabla ya kuiona kwa macho. Futa kijifereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mulika tochi. Grisi kiasi cha punje ya mchele, ile iliyokuja na hauzingi yenyewe. Ndani weka tishu kavu, na kizito kimoja cha risasi cha mkanda wa kuzamia, kilichofungwa kwenye kitambaa kisigonge kioo, la sivyo hauzingi itaelea kama boya na kukuvuta nayo. Funga, izamishe kwenye ndoo ya maji ya bomba, kisha shuka nayo mbizi nzima. Tishu ikirudi kavu, mbizi ya pili ndipo kamera iingie. Na usisahau, mfuniko wa betri wa kila flashi una oringi yake.

Watu wa boti watacheka unavyozunguka matumbawe na boksi lenye tishu. Wacheke. Mimi nilikuwa na boksi la laki kadhaa, sasa nina la kuwekea funguo.

Ah, uliuliza habari za flashi. Zitanue mbali pembeni, usizielekeze mbele kama taa za daladala, maana kila chembe iliyo majini itawaka kama vumbi. Na kama unazipeleka kwa ajili ya potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, wa Kilindoni, ziache gesti. Potwe hapigwi flashi, anapigwa kwa mwanga wa jua karibu na uso wa maji, na maji yale yamejaa vijidudu anavyovifuata. Zitakufaa Ghuba ya Chole, kwenye matumbawe, ukiwa karibu kabisa na unachopiga.

Habari za ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) na lenzi watakujibu wengine. Wewe toa hiyo oringi usiku huu, imulike tochi, weka picha yake hapa niione.