Ukifika Seoul na mfuko mwepesi, ingia bunsik

Wanaonitumia ujumbe kabla ya kuja kusoma Korea Kusini huanza na baridi, halafu wanafika kwenye swali lenyewe: kwa posho hii ya mwanafunzi nitakula nini? Jibu langu ni lile lile siku zote. Tafuta bunsik. Ni vimgahawa vya meza nne tano, mama mmoja jikoni, na sufuria pana ya mchuzi mwekundu inayotokota karibu na dirisha. Vimejaa pembeni mwa shule na vyuo, kwa kuwa wateja wao wakubwa ni wanafunzi.

Jifunze kwanza kuagiza. Mgeni huagiza sahani moja ya kwake, akaimaliza, akalipa. Bunsik watu huchukua vitu vidogo vidogo, vinawekwa katikati, na mchuzi wa tteokbokki ndio unaoviunganisha. Tteokbokki yenyewe ni vijiti vya unga wa mchele au wa ngano, vinene kama kidole, vinanata na kuvutika mdomoni, vimepikwa kwenye gochujang, ile pilipili iliyochachushwa pamoja na soya. Ina sukari nyingi, kwa hiyo mwanzoni utaona ni tamu tu. Pilipili inakuja baadaye, na inakuja kweli. Ukila hiyo peke yake utaichoka kabla ya nusu.

Basi iongezee twigim, bajia za Wakorea: ngisi, viazi vitamu, pilipili nzima, na gimmari, tambi zilizofungwa ndani ya mwani. Mara nyingi mama atazirudisha kwenye mafuta zipate moto, kisha azikate kwa mkasi. Wenzangu wanapenda zimwagiwe mchuzi juu. Mimi nachovya, sababu zikishamwagiwa zinalegea upesi. Halafu chukua gimbap moja ya kugawana, wali wenye mafuta ya ufuta uliofungwa kwenye mwani pamoja na karoti, yai na figili ya njano. Gimbap ya kawaida Seoul ni kama won 3,000 hadi 4,000, tteokbokki inazidi hapo kidogo. Watu wawili mkiwa na won 15,000 mnaondoka mmeshiba, na hiyo haifiki dola 12. Lakini msiende kula Myeongdong, bei za kule ni za watalii.

Kama unaweza kuchagua, onja ile ya unga wa ngano. Wakorea wenyewe wanabishana hapo, na wengi watakwambia ya mchele ndiyo bora. Mimi naona ya ngano inanyonya mchuzi vizuri zaidi, na ya mchele ikipoa inakuwa ngumu. Hiyo ya ngano ina historia yake. Baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 mchele ulikuwa haba, unga wa ngano ukaja kwa wingi kama msaada kutoka Marekani, na miaka ya 1960 na 1970 serikali ikahimiza watu wale vyakula vya unga. Kulikuwa na siku za wiki ambazo migahawa ilikatazwa kuuza wali. Vimgahawa hivi vilipata nguvu kipindi hicho.

Sasa, kwa sisi Waislamu, hapa pana mitego. Sundae si aiskrimu: ni utumbo wa nguruwe uliojazwa tambi na damu, na huletwa na maini na mapafu pembeni. Huo unaonekana kwa macho, ni rahisi kuukwepa. Uliojificha ni ule wa gimbap, maana ndani huwekwa kipande cha hemu, yaani nyama ya nguruwe, hata katika ile ya jodari mara nyingine. Sema "haem ppaejuseyo", watakutolea. Unga wa supu ya ramyeon, zile tambi za pakiti, mara nyingi una nyama, na gochujang ya dukani inaweza kuwa imetiwa alkoholi kidogo ili isiharibike. Kila mtu atapima mwenyewe. Asiyetaka shaka yoyote aende Itaewon, kwenye mitaa inayouzunguka msikiti mkuu uliofunguliwa 1976, kuna migahawa ya halali pale.

Ukiingia, usikae ukingoja kuhudumiwa. Maji unajichotea, na figili ya kuongeza vilevile. Vijiti na vijiko viko kwenye kisanduku juu ya meza au kwenye droo ya ubavuni. Sahani ikija imevikwa mfuko wa nailoni usishangae, ni namna ya kupunguza kuosha vyombo. Mishikaki ya eomuk, ile keki ya samaki, hulipwa kwa hesabu ya vijiti ulivyoacha, na supu yake ya figili na dagaa ni ya bure kwenye kikombe cha karatasi. Wakati wa baridi supu hiyo peke yake inatosha kukuingiza ndani. Bakshishi haipo. Siku hizi duka nyingi zina mashine ya kuagizia mlangoni, yenye Kikorea kitupu, kwa hiyo weka programu ya kutafsiri kwa kamera kwenye simu.

Ukishazoea, nenda Sindang-dong, mtaa unaohusishwa na Ma Bok-rim, mama aliyeanza kuuza tteokbokki ya gochujang hapo 1953. Kule mnajipikia mezani, kwenye sufuria pana juu ya jiko la gesi, na ndani mna kabichi, mayai na ramyeon. Nenda na mwenzio, kwani oda huanzia ya watu wawili. Na msimalize mchuzi: ukibaki kidogo, agizeni wali, watakuja kuukaanga humo humo na mwani uliosagwa. Uacheni ushike chini upate ukoko kabla hamjaanza kukwangua.