Siri ya elfu tatu kila mwezi

*Shangazi, naishi Kaptembwa, Nakuru, na mume wangu na watoto watatu: wawili alikuja nao, mmoja ni wangu. Tangu aachishwe kazi ya kuendesha lori, tunategemea boda boda na kibanda changu cha mboga. Babake binti yangu hunitumia Sh3,000 kila mwezi, na sikuwahi kusema. Juzi mvulana wa mume wangu, aliye kidato cha nne, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Usiku huo mume akaona ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yangu. Hakuniuliza kitu, ila tangu siku hiyo hataki kula nilichopika. Je, pesa za mwanangu zilipe karo ya mtoto wa mwingine? – Mama wa Watatu*

Pole sana, dadangu. Hapana, zisilipe. Ni za binti yako, na babake akisikia zimekwenda kwingine anaweza kuzikata, mkose nyote.

Lakini sidhani kinachomuuma mumeo ni hizo elfu tatu. Mwanamume huyu amerudi usiku baada ya usiku na vumbi la barabara, akakwambia leo amepata mia nne tu, nawe ukahesabu naye bei ya unga kana kwamba ndiyo yote mliyo nayo. Sasa anajiona alikuwa akihesabu peke yake. Naelewa ulikuwa ukimkinga mwanao. Hata hivyo, hapo ulikosea, na umwambie hivyo bila kujitetea.

Kuanzia sasa, hizo pesa zilipie chakula cha binti shuleni, sare, viatu na madaftari yake. Ulichokuwa ukitoa kibandani kwa mambo hayo kiingie kwenye unga na kodi ya nyumba. Mumeo naye ataje madeni yake yote, hata mikopo ya simu, maana mshahara ukikatika ghafla hiyo ndiyo huja kwanza na hutajwa mwisho.

Nakusihi jambo moja: pesa hizo zisionekane mezani. Binti asile yai asubuhi wenzake wakinywa chai ya rangi. Mtoto wa kambo huhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzake, na hesabu hiyo haisahau akiwa mtu mzima. Hata binti yako ataumia, kwa sababu wale wawili ndio ndugu alio nao.

Na huyo kijana, mamake yuko wapi? Hukumtaja hata mara moja. Kama yu hai, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Wewe unapokea kutoka kwa babake binti, basi mumeo naye ameze fahari ampigie. Usimpigie wewe. Kisha aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu na chochote alicho nacho, aombe kulipa kidogo kidogo. Fomu za basari aulizie kwenye ofisi ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na pia kwa kaunti, kupitia wadi. Hiyo ni mifuko miwili tofauti, na wengi huomba mmoja tu.

Leo akirudi, mpakulie kama kawaida. Watoto wakishalala, fungua zile jumbe zote, tangu ya kwanza, uweke simu kando ya sahani yake.