Picha ya CT ni safi, mbona amebadilika?

SWALI: Daktari, mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Moshi. Wiki tatu zilizopita alianguka barabara ya Kibosho bila helmeti, akazimia kama dakika tano. Picha ya CT haikuonyesha damu wala ufa kwenye fuvu. Sasa anasahau abiria aliyepatana naye asubuhi, anawafokea watoto, na kelele za soko la Mbuyuni zinamtesa. Picha ilikosewa?

JIBU: Poleni sana, dada. Si lazima picha iwe imekosewa. CT huona damu na mifupa. Kichwa kinapokita chini, ubongo hujipinda ndani ya fuvu na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutika. Hizo mara nyingi CT haizioni. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, huumia kwa urahisi kwa kuwa imelalia mfupa wenye matuta, na ndiyo inayozuia hasira. Kufoka kwake ni dalili kama yalivyo maumivu ya kichwa. Tafadhali waelezeni hivyo wote wa nyumbani.

Kuna jambo hukunieleza: mabadiliko yalianza lini? Kama ni tangu siku za kwanza na yanapungua, kuna matumaini. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi 3. Lakini kama alikuwa amepata nafuu kisha wiki hii akaanza kuharibika, mpelekeni leo KCMC au hospitali yoyote yenye CT, picha irudiwe. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo na kujitokeza wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wazee na wanywaji. Ikigunduliwa mapema, hutolewa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito au degedege: msingoje kupambazuke. Akipata degedege mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Asiendeshe mpaka kizunguzungu kiishe na daktari amruhusu. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ni hatari zaidi. Pombe ya mbege aache kabisa. Alale vya kutosha, afanye kazi moja kwa wakati, ahadi aziandike daftarini. Kichwa kikiuma, panadoli 2 za miligramu 500, zisizidi 8 kwa saa 24. Akimeza kila siku kwa wiki nyingi, dawa yenyewe huzaa maumivu.

Mkienda, bebeni picha ya kwanza na muandike tarehe aliyoanguka.