Muhula mmoja Marekani: anza ofisini kwa mkuu wa idara yako

Wanafunzi wanaokuja kuniuliza kuhusu muhula wa kubadilishana Marekani huanza karibu wote na viza. Wanataka kujua wataulizwa nini kule ubalozini Gigiri, Nairobi, wavae nini, wajibu vipi. Mimi huwarudishia swali: mkuu wa idara yako anajua kwamba unataka kwenda? Wengi hunyamaza. Ndiyo maana naandika haya, hasa kwa ninyi mlio mwaka wa kwanza au wa pili katika vyuo vikuu vya Kenya, kwa kuwa bado mna muda wa kupanga mambo yakapangika.

Kwanza tuelewane kuhusu safari yenyewe. Wangari Maathai alipokwenda Kansas mwaka 1960, pamoja na mamia ya vijana Wakenya waliopelekwa katika mpango ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya, alikwenda kusomea shahada nzima, akaipata huko mwaka 1964. Mwanafunzi wa kubadilishana hahami hivyo. Anabaki mwanafunzi wa chuo chake, anakaa ugenini muhula mmoja au miwili, kisha anarudi kumaliza, na shahada yake inatolewa nyumbani. Kwa kawaida karo unaendelea kulipa chuoni kwako na chuo mwenyeji hakikutozi, kwa sababu nacho kina haki ya kumleta mwanafunzi wake kwenu kwa masharti hayohayo.

Kwa hiyo, mlango wa kwanza uko kwenu. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako ndiyo inayokuteua na kupeleka jina lako, na baada ya hapo ndipo chuo cha Marekani kinakutumia fomu za maombi. Ukiwaandikia Wamarekani moja kwa moja watakujibu kwa upole kwamba uanze na chuo chako. Nenda katika ofisi hiyo ukaulize maswali matatu: tuna makubaliano hai na vyuo gani, nafasi ni ngapi kwa mwaka, na idara yangu imo? Makubaliano mengine hufungwa katika fani moja tu. Ushirikiano wa muda mrefu kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Indiana, kwa mfano, ulizaliwa katika tiba, na mwanafunzi wa fasihi hawezi kudhani tu kwamba mlango huo ni wake pia. Ikiwa chuo chako hakina makubaliano yoyote, angalia ufadhili wa serikali ya Marekani unaotangazwa kupitia ubalozi, na uzungumze na washauri wa EducationUSA, ofisi za serikali ya Marekani za kuwashauri wanaotaka kusoma huko, jijini Nairobi. Wakala anayedai kwamba anauza nafasi ya kubadilishana, achana naye. Nafasi hizi hugawiwa na vyuo, haziuzwi.

Sasa tuingie katika jambo ambalo nalitazama kuliko yote: kozi. Katika vyuo vyetu vya umma mwanafunzi huchukua kozi 6 au 7 kwa muhula, pengine hata 8. Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma muda wote huwa na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 hadi 15, yaani kozi 4 au 5. Viza ya J-1, ambayo ndiyo ya kubadilishana, inakutaka usome muda wote. Fanya hesabu mwenyewe. Ukienda muhula ambao idara yako inakudai kozi 7 na ukarudi na 4, hizo 3 zitasomwa lini? Hili ni swali la mkuu wa idara, na jibu lake linapaswa kuwa kwenye karatasi yenye saini kabla hujajaza fomu yoyote. Namjua mwanafunzi aliyerudi na alama nzuri sana, idara ikamwambia kwamba kozi mbili kati ya alizosoma hazilingani na za kwao. Alisubiri mwaka mzima hadi kozi hizo zifundishwe tena, wenzake wakahitimu akiwatazama. Hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna aliyemwambia aombe idhini mapema, na ahadi aliyopewa ilikuwa ya mdomo, kutoka kwa mhadhiri ambaye baadaye aliondoka.

Unapokwenda kwa mkuu wa idara, usiende na majina ya kozi peke yake, kwa maana majina hudanganya. Tafuta silabasi ya kozi ya huko, uiweke kando ya maelezo ya kozi yenu, ulinganishe mada na saa. Kozi ya krediti 3 huwa na takriban saa 3 za darasani kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 15 inafika saa 45. Ukimwonyesha mkuu wa idara kwamba saa zinalingana na mada nyingi zinafanana, unamrahisishia kazi ya kutia saini. Chagua kozi za akiba pia, angalau mara mbili ya unazohitaji, kwa sababu kozi hujaa, nyingine hazifundishwi muhula ule, na nyingine zinadai uwe umesoma kozi fulani kabla yake. Kalenda nayo ina mambo yake. Muhula wa vuli wa Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha katikati ya Desemba. Ule wa machipuko huanza Januari na kufika Mei. Ikiwa mitihani yenu inaingia ndani ya tarehe hizo, lazima ijulikane mapema utafanya mtihani upi na lini. Na muulize msajili kama wakati ukiwa ugenini utahesabiwa umesajiliwa au umeahirisha masomo, kwa sababu wenye mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, wanahitaji kulijua jibu hilo kabla ya kuondoka.

Baada ya kozi, alama. Hapa wanafunzi wetu huumia bila sababu. Kwetu asilimia 70 ni A, na 60 hadi 69 ni B. Katika vyuo vingi vya Marekani A huanzia 90, na 68 ni D. Mtu wa huko akiona transkripti yenye 68, 71, 66 bila maelezo, ataona mwanafunzi anayekaribia kuanguka, kumbe ni kijana aliye katika kundi la juu la darasa lake. Hakikisha transkripti rasmi inakwenda na ufafanuzi wa mizani ya alama za chuo chenu, na ikiwa haujachapishwa nyuma yake, omba barua ya msajili inayoueleza. Mwombe pia mhadhiri anayekuandikia barua ya mapendekezo aseme nafasi yako darasani: uko miongoni mwa kumi bora, au theluthi ya kwanza. Sentensi moja ya namna hiyo humsaidia msomaji wa mbali kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Barua hizo za mapendekezo ziombwe kwa adabu na kwa wakati. Mhadhiri wa darasa la wanafunzi 300 hakujui, hata akiwa mwema vipi. Jitokeze: uliza maswali, mpelekee kazi yako baada ya kusahihishwa, muombe ushauri wa kweli. Ukifika wakati wa barua mpe wiki tatu au nne, pamoja na nakala ya matokeo, muhtasari wa mpango, na kazi moja uliyoifanya vizuri katika kozi yake. Halafu usimharakishe mwalimu kwa ujumbe wa usiku wa manane.

Insha ya maombi isiwe hadithi ya umaskini wako wala wimbo wa kuisifu Marekani. Wanaoisoma wanataka kujua utafanya nini kwao kwa miezi minne ambacho huwezi kukifanya kwenu. Mwanafunzi wa isimu aandike kwamba idara yake inafundisha fonolojia na sintaksia vizuri lakini haina kozi ya isimu ya kompyuta, kwamba ameiona kozi hiyo katika orodha yao, na kwamba akirudi anataka tasnifu yake ya mwaka wa nne ihusu uchanganuzi wa vitenzi vya Kiswahili kwa kompyuta. Hapo msomaji anamwona mtu mwenye shughuli. Na usisahau unachokwenda nacho. Vyuo vingi vya Marekani hufundisha Kiswahili, Wisconsin-Madison kikiwa kimojawapo, na wanafunzi wao hutafuta kwa hamu mtu wa kuzungumza naye. Ikiwa chuo mwenyeji kina darasa la Kiswahili, sema kwamba utajitolea huko. Mpango huu unaitwa kubadilishana, na wewe una cha kutoa.

Kuhusu Kiingereza, soma sharti la chuo chenyewe. Baadhi hukubali barua ya kuthibitisha kwamba umesoma kwa Kiingereza; vingine vinadai TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza ambayo matokeo yake hutumika kwa miaka 2. Usilipie mtihani kabla ya kujua kama unahitajika.

Fedha zinahitaji mazungumzo ya wazi nyumbani, na mzazi au mlezi wako awepo. Kusamehewa karo hakumaanishi safari ni ya bure. Malazi, chakula, bima, vitabu na tiketi ya ndege vinabaki kwako, isipokuwa una ufadhili unaovibeba. Chuo mwenyeji hakitakutolea fomu ya DS-2019, inayothibitisha kwamba umepokewa katika mpango na ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya J-1, mpaka kione fedha hizo zipo. Kisha kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 220, na ada ya ombi la viza, dola 185. Hizo mbili peke yake zinapita shilingi elfu 50 za Kenya. Mipango inayofadhiliwa na serikali ya Marekani kwa kawaida husamehewa ada hizi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Bima lazima ifike kiwango kilichowekwa na kanuni: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, kwa idhini ya maandishi ya afisa wa mpango, lakini usiiweke kwenye bajeti yako. Huenda usiipate, na mwezi wa kwanza utahitaji kula.

Kabla ya kulipa chochote, angalia pasipoti yako ni ya nchi gani. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 ilisimamisha viza za wanafunzi na za kubadilishana kwa raia wa Burundi, na ile ya Desemba 2025 ikaongeza Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kenya haikuwa katika orodha hizo. Mtanzania au Mrundi anayesoma Nairobi anahesabiwa kwa uraia wake, hata kama chuo chake kiko Kenya. Inaniuma kuwaandikia hivi wenzetu, maana nawajua walio na sifa zote, lakini ni heri kulijua leo kuliko kulijua baada ya kutoa ada. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi wiki ile ile unayotaka kulipa.

Viza yenyewe, ile ambayo kila mtu huanza nayo, huja mwisho, na kama umefanya hayo ya juu huna la kuogopa sana. Sheria inamtaka afisa akuchukulie kuwa mtu anayetaka kuhamia Marekani mpaka umridhishe kwamba utarudi. Wengine hubeba hati za mashamba ya babu. Wewe una kitu chenye nguvu zaidi: umebakiza mwaka au miwili ya shahada yako, na una barua ya mkuu wa idara inayosema kozi gani utasoma huko na gani utazikuta ukirudi. Mahojiano ni mafupi, pengine dakika chache tu. Jibu kwa maneno yako, moja kwa moja, bila kukariri. Katika fomu ya DS-160, ile ya kuombea viza mtandaoni, utaulizwa akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita. Zitaje zote, na ujue kwamba tangu Juni 2025 waombaji wa viza hizi wanatakiwa kuziacha wazi zionekane na umma. Ukipewa viza, unaruhusiwa kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019. Fomu hiyo isafiri nawe mkononi. Usiifungie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Ratiba ya yote haya huchukua karibu mwaka. Kwa muhula wa Agosti, majina mara nyingi hupelekwa kati ya Februari na Aprili, na uteuzi wa ndani ya chuo chenu hutangulia hapo. Anayetaka kwenda mwaka wa tatu aanze kuzungumza na idara mwanzoni mwa mwaka wa pili.

Ukiwa huko, hifadhi silabasi ya kila kozi na kazi zako zote zilizosahihishwa. Ukilazimika kubadilisha kozi wiki ya kwanza, mwandikie mkuu wa idara siku hiyo hiyo upate kibali kipya kwa barua pepe. Kabla ya kuondoka lipa madeni yote madogo, ya maktaba, ya bweni, ya zahanati, kwa sababu baadhi ya vyuo huzuia transkripti ya anayedaiwa. Iombe itumwe rasmi moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako, na utakapofika nyumbani usingoje kuitwa: nenda ofisini kwake na barua yako yenye saini, ukae hapo mpaka uone kozi zako zimeingizwa.